Rubaga: mwongozo wa kuzuru kanisa kuu la kilimani Kampala

Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, Rubaga, limesimama juu ya kimoja cha vilima vya Kampala, kama kilomita tatu magharibi mwa katikati ya jiji. Ni kanisa mama la Jimbo Kuu la Kampala, na minara yake miwili huonekana kutoka mitaa mingi ya bondeni. Ujenzi ulianza mwaka 1914 ukamalizika 1925, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 31 Desemba mwaka huo. Kwa vyeo vya Kanisa, Rubaga ni katedrali. Cheo cha basilika ndogo kilipewa Namugongo, patakatifu pa Mashahidi wa Uganda upande wa pili wa jiji, mwaka 1993. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi Ukatoliki ulivyoingia katika nchi za maziwa makuu anafaa kuanzia Rubaga. Namugongo huwa na uzito mwingine kabisa kwa mtu aliyekwisha kupanda kilima hiki.

Kwa Wakatoliki wa Ituri, Rubaga ni mahali pa ndugu. Walioanzisha misheni yake ni Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilohilo lililea misheni za magharibi mwa Ziwa Albert hadi zikawa Jimbo Katoliki la Bunia mwaka 1959. Watu wa Kilo, Mongbwalu na Bunia huenda Kampala kwa biashara, masomo na matibabu. Nusu siku ikipatikana katikati ya shughuli hizo, inatosha kwa Rubaga, na siku nzima inatosha kwa Rubaga na Namugongo pamoja.

Kabla ya kuwa cha kanisa, kilima kilikuwa cha kabaka, yaani mfalme wa Buganda. Mutesa I wa Buganda alikuwa na ikulu yake hapo, na katika utawala wake Wakristo walibisha hodi kwa makundi mawili. Waanglikana walifika mwaka 1877. Wakatoliki walifuata tarehe 17 Februari 1879, siku ambayo Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, Wafaransa wote wawili, walishuka kutoka mtumbwini huko Kigungu karibu na Entebbe. Waganda humwita Lourdel Mapeera hadi leo. Ikulu ya Rubaga ilipigwa na radi ikaungua, na makao ya kabaka yakahama kilimani. Mwishowe Mengo, kilima cha jirani, ndiyo iliyobaki na ufalme.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe, Mwanga II, aliyekuwa kijana bado. Chini ya Mwanga waumini wa dini mpya waliuawa kati ya 1885 na 1887, na miongoni mwao ni Wakatoliki 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Kundi kubwa zaidi, likiongozwa na Karoli Lwanga, lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ni Mwanga huyohuyo aliyewapa Mapadri Weupe ardhi ya Rubaga mwaka 1889, baada ya yeye mwenyewe kupinduliwa na kurudi madarakani kwa msaada wa Wakristo. Mgeni asiharakishe kulipita jambo hili. Mfalme ambaye watumishi wake waliuawa kwa ajili ya sala ndiye aliyetoa kilima cha baba yake kijengwe nyumba ya sala, na yote hayo yalitokea ndani ya miaka minne tu.

Amani haikudumu. Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti waliitwa Waingereza, na majina hayo yalikuwa ya siasa kama yalivyokuwa ya dini. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo. Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki za Maxim. Wakatoliki walishindwa, na misheni ya Rubaga iliteketezwa. Wengi wao walikimbilia Buddu, upande wa Masaka, ambako Ukatoliki umebaki na nguvu hadi leo. Kanisa la matofali lililopo sasa limesimama, kwa hiyo, juu ya kilima kilichoungua mara mbili: mara moja kwa radi, mara nyingine kwa vita.

Aliyelisimamia wazo la kanisa kubwa ni Askofu Henri Streicher, aliyeongoza vikarieti ya Uganda tangu 1897 hadi 1933. Yeye ndiye aliyewapa daraja la upadri Waganda wa kwanza mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya ujenzi wa Rubaga kuanza, na mambo hayo mawili yanafaa kutazamwa pamoja: kanisa la kudumu lilianza kujengwa pale tu ilipokuwa wazi kwamba litakuwa na mapadri wake wenyewe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka uleule wa 1914, na kazi ikachukua miaka kumi na moja. Kuta zikiwa bado zinapanda, tarehe 6 Juni 1920, Papa Benedikto XV aliwatangaza mashahidi wale kuwa wenye heri. Baadhi ya watu walioliona kanisa likikamilika walikuwa wamewajua vijana hao wakiwa hai.

Msafiri anayetoka Kilo hupitia Bunia kwanza, na kutoka hapo zipo njia tatu za kuingia Uganda. Ya kaskazini hufuata Barabara ya Taifa namba 27 hadi Mahagi na mpaka wa Goli, kisha Nebbi, daraja la Pakwach juu ya Nile, Karuma, hadi Kampala. Ya pili hushuka ziwani Kasenyi au Tchomia, ambako maboti huvuka Ziwa Albert kwenda Ntoroko, na safari huendelea kwa gari kupitia Fort Portal. Ya tatu huzunguka kusini kupitia Komanda na Beni hadi Kasindi na mpaka wa Mpondwe, kisha Kasese. Njia zote tatu zimewahi kusumbuliwa na vita vya makundi ya silaha, na hali hubadilika wiki kwa wiki. Habari ya kuaminika hupatikana kwa madereva waliorudi siku hiyohiyo na kwa mapadri wa parokia zilizo kando ya barabara. Kwa wanaovuka ziwa, boti ya asubuhi ni bora kuliko ya alasiri kwa sababu upepo huongezeka mchana, na boti isiyo na jaketi za kuokolea si ya kupandwa hata kama nauli yake ni ndogo.

Mpakani huhitajika hati halali ya safari na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na masharti ya kuvuka yamekuwa yakilegezwa, lakini afisa wa uhamiaji hufuata maagizo ya siku hiyo, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya kufunga mzigo. Franka za Kongo hazina kazi Kampala. Dola hubadilishwa kwa shilingi za Uganda bila taabu, ilimradi noti ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa.

Mambo mawili huwasumbua wageni wa Ituri kuliko yote. La kwanza ni saa: Kampala iko mbele ya Bunia kwa saa moja, na asiyeisogeza saa yake hufika misa ikiwa imekwisha. La pili ni barabara. Uganda magari hupita kushoto, na mtu aliyezoea Kongo hutazama upande usiofaa kabla ya kuvuka. Kampala ina pikipiki nyingi kiasi kwamba kosa hilo linaweza kumtia mtu hospitalini. Mgeni ageuze kichwa kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, na watoto washikwe mkono hata kama ni wakubwa.

Kutoka katikati ya jiji, njia rahisi ni taksi ya abiria wengi inayopita Barabara ya Rubaga; hupandwa katika vituo vikubwa vya taksi, na kondakta hutaja njia kwa sauti. Boda boda hufika haraka zaidi, bei hukubaliwa kabla ya kupanda, na kofia ya kinga ni haki ya abiria. Dereva huambiwa Lutikko y'e Lubaga, yaani kanisa kuu la Rubaga, maana kilima cha Namirembe nacho kina lutikko yake, ya Waanglikana, na wageni wengi wamejikuta kwenye kilima kisicho chao. Kiswahili hueleweka na baadhi ya watu, hasa wafanyabiashara na askari, lakini Kifaransa hakisaidii. Mwenye miguu mizuri anaweza kupanda kutoka upande wa Mengo. Mteremko ni mkali kidogo mwishoni, lakini njia hiyo humwonyesha mtu jinsi ikulu na misheni zilivyokaribiana, na kwa nini mgogoro wa mahali pamoja uliwaka papo hapo mahali pengine.

Kuingia kanisani hakuna tiketi. Langoni mgeni ategemee kukaguliwa mfuko na mwili, desturi iliyoenea Kampala tangu mabomu ya mwaka 2010, na ukaguzi huo hupokelewa kwa utulivu. Mavazi ni yale ya misa: sketi au kitenge kinachopita magoti, mabega yaliyofunikwa, suruali ndefu kwa wanaume, kofia mkononi. Wakati bora ni siku ya kazi, kati ya misa ya asubuhi na adhuhuri. Jumamosi huwa na harusi, na Jumapili misa hufuatana, kwa Kiluganda na kwa Kiingereza. Anayetaka kusali na umati aje Jumapili. Anayetaka kutazama jengo achague siku nyingine, kwa sababu kuzungukazunguka wakati wa ibada huwaudhi wenyeji na humnyima mgeni mwenyewe utulivu. Picha za nje hazina tatizo. Za ndani huombwa ruhusa, na hazipigwi kamwe wakati wa misa wala kuelekezwa kwa watu wanaosali.

Jengo ni la mtindo wa Romanesque, ule wa matao ya duara na kuta nene, ambao wamisionari wa Kifaransa waliupenda na ambao mafundi wa matofali waliuweza. Nje, jicho huenda kwanza kwenye minara miwili ya mbele. Ndani, ushauri ni mmoja: mgeni asimame karibu na mlango kwa dakika chache kabla ya kusogea. Nguzo na matao hupangana kuelekea altare, mwanga huingia kwa rangi kupitia vioo vya madirisha, na urefu wa kanisa hueleweka vizuri zaidi kutoka hapo kuliko mahali pengine popote. Kisha atembee taratibu upande mmoja hadi mbele na kurudi kwa upande wa pili.

Makaburi yaliyo ndani ndiyo moyo wa ziara. Hapa amelazwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, aliyepewa uaskofu Roma na Papa Pius XII mwezi Oktoba 1939. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati za leo kukabidhiwa jimbo Katoliki la kulichunga, jimbo la Masaka, na wengi walitazama kama Mwafrika ataweza kazi hiyo. Aliiweza, na kwa kuiweza kwake mlango ulifunguka kwa maaskofu wa Kiafrika waliofuata, wakiwemo wa Kongo. Alikuja Rubaga kuwa askofu mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na alifariki mwezi Februari 1966. Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga, aliyefariki ghafla Jumamosi Kuu ya mwaka 2021, naye amezikwa katika kanisa hili. Mhujaji kutoka Ituri asiyepata muda wa jambo lingine lolote asimame walau mbele ya kaburi la Kiwanuka.

Jambo la pili la kukumbuka ndani ya kuta hizi ni la mwaka 1969. Tarehe 31 Julai Papa Paulo VI alitua Uganda, papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika, na siku hiyohiyo aliadhimisha misa hapa Rubaga ya kufunga mkutano wa maaskofu wa bara zima. Katika mahubiri yake aliwaambia kwamba Waafrika sasa ni wamisionari wao wenyewe, na kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Kutoka katika mkutano huo kilizaliwa chombo cha maaskofu wa Afrika na Madagaska kinachojulikana Kongo kwa kifupi cha SCEAM, ambacho tangu 2023 kimeongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Ngoma, nyimbo na mavazi ambayo mtu wa Bunia huyaona ya kawaida katika misa ya Jumapili yalipata nguvu nyingi kutokana na maneno yaliyosemwa katika kanisa hili. Papa Yohane Paulo II alizuru Uganda mwaka 1993, na Papa Fransisko mwaka 2015. Fransisko alikutana na mapadri, masista na mabruda hapahapa Rubaga.

Baada ya kanisa huja uwanja na mandhari. Wageni wengi hufanya kinyume: hupiga picha ya jiji kwanza, huchungulia kanisani, kisha huondoka. Mpangilio huo hauwafai, kwa sababu mandhari ya Rubaga husomeka tu na anayejua kilichotokea juu yake. Miti na majengo huziba sehemu, hivyo ni lazima kuzunguka ili kuviona vilima kimoja kimoja. Alasiri ni nzuri kuliko asubuhi kwa kutazama jiji, maana jiji liko mashariki na jua la asubuhi hupiga machoni.

Kaskazini kidogo kuelekea mashariki kuna Namirembe, na kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa kati ya 1915 na 1919, karibu wakati uleule na Rubaga. Makanisa hayo mawili yanatazamana ng'ambo ya bonde. Wajukuu wa waliopigana mwaka 1892 sasa husali pamoja siku ya kuwakumbuka mashahidi, kwa kuwa Waanglikana nao walikuwa na wafiadini wao katika mauaji yaleyale. Mashariki ni Mengo, penye ikulu ya kabaka iitwayo Lubiri, na barabara iliyonyooka inayoiunganisha na Bulange, jengo la bunge la Buganda. Kaskazini kabisa ni Kasubi, makaburi ya makabaka wanne, Mutesa na Mwanga wakiwemo. Yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, yakaungua mwaka 2010, na kujengwa upya kukachukua miaka mingi.

Old Kampala, kaskazini mashariki, hutambulika kwa msikiti wa taifa wenye mnara mrefu, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Ni hapo Lugard alipojenga ngome yake, na ni hapo pia Matia Mulumba, mmoja wa watakatifu 22, alipoachwa afe akiwa amekatwa viungo. Mbali zaidi mashariki viko Nsambya na Kibuli. Kibuli ni kilima cha Waislamu, na msikiti wake ulijengwa juu ya ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu. Nsambya ni cha Wakatoliki, lakini si cha Mapadri Weupe: mwaka 1895 wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza waliletwa ili watu waone kwamba Mkatoliki si lazima awe upande wa Mfaransa. Mtu akiisha kuvitambua vilima hivyo, amesoma historia yote ya dini katika Buganda kwa kugeuza shingo tu.

Chini kidogo ya kanisa iko Hospitali ya Rubaga, iliyoanzishwa na Masista Weupe mwaka 1899, miaka kumi baada ya Mwanga kutoa kilima. Wagonjwa kutoka Kongo hutibiwa humo, na si ajabu kusikia Kiswahili cha Bunia kwenye mabenchi ya kungojea. Anayemfahamu mgonjwa aliyelazwa amtembelee. Ziara ya namna hiyo inapatana na kilima kuliko picha nyingi.

Namugongo iko kama kilomita 15 kaskazini mashariki mwa katikati ya jiji, na kwa msongamano wa Kampala safari kutoka Rubaga inaweza kuchukua saa mbili. Kwa hiyo Rubaga iwe asubuhi na Namugongo mchana, au kila moja iwe na siku yake. Basilika ya Namugongo, iliyochorwa na mbunifu Mswisi Justus Dahinden na kuwekwa wakfu mwaka 1975, imeshikwa na nguzo 22, kwa hesabu ya mashahidi, na imesimama mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Papa Paulo VI alifika hapo mwaka 1969. Tarehe 3 Juni mamia ya maelfu ya watu hujaa hapo, wengi wakiwa wametembea kwa miguu kwa siku nyingi, na kati yao wamo wahujaji kutoka Kongo. Anayetaka sikukuu yenyewe ajiunge na kikundi cha parokia yake mapema, kwa sababu malazi huisha na bei za magari hupanda. Anayetaka kimya achague mwezi mwingine, nje ya misimu ya mvua kubwa ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Kurudi huanza mapema. Mabasi ya kwenda Nebbi na Kasese huondoka alfajiri au usiku kutegemea kampuni, na tiketi hununuliwa siku iliyotangulia. Mpaka hufikiwa vizuri zaidi kabla ya adhuhuri, ili kubaki na mwanga wa kutosha kwa barabara ya upande wa Kongo, ambayo haisafiriwi usiku. Shilingi zilizobaki hubadilishwa kabla ya kuvuka, na saa hurudishwa nyuma kwa saa moja.